Shibiri Moja ya Udongo

Jumapili, 1 Juni

Mzunguko wa tatu ndo watu wakaanza kuondoka. Niliwaona vizuri kwa sababu mimi nasimama juu ya tuta kubwa na koleo langu, na ukingo wanakokaa watazamaji uko mbele yangu. Mtangazaji anapiga kelele kwenye spika, "Tazameni, tazameni, Mama Pacha huyo anakuja!" Na watu hawatazami kitu, wamefunika macho. Vumbi tupu. Pikipiki zikipita unaziona kwa muda wa kupiga chafya moja, halafu zinaingia nyuma ya vichaka, unabaki na sauti. Ni kama kusikiliza redio, na redio kila mtu anayo nyumbani kwake.

Mama Pacha ni dada yangu, tumbo moja. Jina wamempa watazamaji kwa sababu ana mapacha wa miaka mitano. Leo kawa wa pili, kawapita wanaume kumi na mmoja.

Baada ya mbio Mwenyekiti wa klabu alikuja anachechemea. Mguu wake wa kushoto haukunjiki, aliuvunja enzi zake akiwa anakimbiza yeye mwenyewe. Akaangalia ukingo umebaki chupa tupu na maboksi. Akasema, "Kule shuleni kuna mpira wa watoto, watoto! Na wamejaza. Sisi tuna watu wanaoruka angani. Sisi tumejaza nini?"

Nikasema, "Vumbi."

Nadhani hakusikia. Mimi nikisema kitu mara nyingi hakisikiki.

Jumanne, 3 Juni

Daftari hili kanipa Mwenyekiti niandike siku za kumwagilia njia. Nimemwagilia leo. Basi, nimeandika.

Ijumaa, 6 Juni

Dada anashona sare za shule nyumbani, cherehani iko dirishani. Kichwani yuko kwenye njia. Akiwa anapindisha kona ya kola nasikia anafanya kwa mdomo, "Vrrr, gia ya pili, vrrr."

Mama akamwambia, "Mwanangu, huo mchezo nani anaujua? Nikimwambia mtu binti yangu anashindana pikipiki anadhani unabeba abiria."

Dada akacheka mpaka akaweka sindano chini. Halafu akasema bila kucheka, "Mama, ukionyeshwa kwenye televisheni msimu mmoja tu, wataujua. Nitakuwa naamka asubuhi naenda kazini, na kazi ni hiyo. Sitaki kukimbia Jumapili kama mtu anayeiba."

Mimi nilikuwa nakula. Lakini hilo ndo analolitaka, nimeliandika hapa ili nilijue.

Alhamisi, 12 Juni

Trekta limekataa kuwaka. Mzee wa trekta kalitukana, likawaka.

Jumapili, 22 Juni

Mbio ya pili. Watu wachache kuliko ya kwanza. Ukingo una nafasi ya kulala.

Nieleze kazi yangu, maana kuna siku nitasahau. Njia nzima naitengeneza mimi na Mzee. Yeye anasukuma udongo kwa trekta, mimi namalizia kwa koleo na mkono. Tuta kubwa kwa kweli ni mawili: la kurukia na la kutulia, katikati pengo. Mkimbiaji anapanda la kwanza, anapita hewani, anatua mgongoni mwa la pili. Kasi yake anaipima kwenye mazoezi ya Jumamosi. Jumapili hapimi tena, mwili unakumbuka. Kwa hiyo asubuhi ya mbio wote wanapita kwa mguu, na kila mmoja akifika kwenye tuta ananiuliza, "Koleo, kama jana?" Hilo ndo jina wamenipa. Mimi najibu, "Kama jana." Basi anaenda kuvaa buti. Hawaulizi mara ya pili. Swali hilo sijui nani alilianzisha, nimelikuta.

Leo kuna mmoja, kazi yake fundi bomba, kateleza akiwa anapanda, kaanguka kama gunia. Hakuumia, alisimama akapunga mkono. Lakini nikaona ukingo wote umesimama. Hata waliokuwa wanaenda zao walirudi mbio. Nikageuka nikamwona Mwenyekiti naye anawaangalia wao, hamwangalii aliyeanguka.

Jumanne, 24 Juni

Kaja asubuhi.

"Shikamoo Mwenyekiti."

"Marahaba. Juzi uliona?"

"Niliona."

"Uliona nini?"

"Aliyeanguka."

"Mimi niliona waliosimama." Akapiga mdomo wa tuta la kurukia, pale pikipiki inapoiacha ardhi, kwa fimbo yake. "Hapa pandisha juu. Shibiri mbili."

Nikamwambia shibiri mbili ni nyingi, wataanguka.

"Wataruka, kijana. Kuanguka ni hiari yao."

Mzee wa trekta akadakia huko juu ya kiti, "Hiari! Mimi juzi nimeanguka kitandani, sikuulizwa."

Tukacheka wote, hata Mwenyekiti. Lakini udongo nilipandisha. Shibiri mbili, kwa kiganja changu.

Jumapili, 29 Juni

Dada kaja kulijaribu. Mara ya kwanza kavunga, kapunguza mwendo kabla ya mdomo, ya pili kavunga, ya tatu karuka. Alipotua alipiga ukelele ndani ya kofia ngumu, tukausikia mpaka huku. Akaja kwangu anahema, "Mdogo wangu, hilo ni tuta! Hilo sasa ni tuta la watu wazima. Gia ya tatu, nahesabu moja mbili, naachia." Akawa anarudia kama mtoto aliyefundishwa wimbo: moja, mbili, naachia.

Nilidhani atakasirika. Simjui vizuri kama nilivyodhani.

Jumapili, 13 Julai

Mbio ya tatu. Ukingo umejaa hadi watu wanakaa kwenye miti. Habari za tuta zimesambaa. Nimemwagilia mara tatu, vumbi lilikuwa dogo. Na Mzee kakata vichaka, kwa hiyo kona mbili za nyuma zinaonekana. Hilo lilikuwa wazo langu, nilimwambia Mzee peke yake. Mama mmoja anayepiga pasi nguo za watu kaleta mtaa wake mzima kwa sababu fundi bomba ni mteja wake. Walikuwa wanaimba jina lake hata akiwa wa saba.

Fundi bomba kaanguka tena, safari hii kavunjika mfupa wa bega. Watu walisimama. Walipomtoa kwa machela walipiga makofi, na mpiga pasi alikuwa analia.

Leo kulikuwa na mtu wa televisheni. Shati jeupe, hataki kuegemea popote. Nilimsikia anamwambia Mwenyekiti, "Mchezo mzuri, bwana, lakini hauna sura. Wote wana kofia ngumu. Kwenye mpira unamwona mtu anavyolia, anavyokasirika. Hapa naonyesha nini? Helmeti kumi na tatu."

Mwenyekiti akasema, "Onyesha wanavyoruka."

"Kuruka watu wanakuzoea mara tatu. Nitakuja tena. Nikiona kuna kitu cha kusimulia, mbio ya mwisho naleta kamera, na msimu ujao tunaonyesha zote. Nisipoona, tusipotezeane muda."

Dada alikuwa kasimama pembeni, kofia mkononi, uso umejaa vumbi isipokuwa macho. Ana sura, nikasema moyoni. Si uangalie hapo.

Jumatano, 16 Julai

Nimemwagilia.

Jumatatu, 21 Julai

Nimemwagilia. Jua kali, udongo wa mdomo wa tuta unapasuka, naupaka matope kama ukuta wa nyumba.

Jumapili, 27 Julai

Mapacha wamevumbua mchezo. Wanapanga mito kitandani, mmoja anakuja mbio anaruka, anaanguka chini, analala kimya. Mwingine anatangaza, "Haamki! Haamki!" Halafu wanabadilishana. Mama kawafokea, wakahamia uani wanaendelea huko.

Nikauliza aliyelala, "Wewe ni nani?"

"Mimi ni mama."

Jumamosi, 2 Agosti

Nimefanya kitu.

Mazoezi yalikwisha, wakimbiaji wakaondoka, Mzee akaenda kutafuta dizeli. Jua lilikuwa bado lipo. Nikachukua koleo nikakata shibiri moja kwenye mdomo wa tuta. Moja tu, nikaacha moja. Nikapiga bapa la koleo pakawa laini, nikanyunyizia udongo mkavu, nikapitisha reki. Kwa macho huwezi kujua. Hata Mwenyekiti hawezi.

Nimefanya kwa ajili ya Dada. Tuta fupi halimrushi mtu juu sana. Kesho nitalala vizuri.

Jumapili, 3 Agosti

Naandika nikiwa kwenye benchi la hospitali, kalamu nimeazima kwa nesi.

Asubuhi Dada alipita kwa mguu kama kawaida. Akaweka mkono begani kwangu. "Kama jana?"

Nilikuwa na nafasi. Nilikuwa na nafasi ya kupumua mara mbili nzima. Nikasema, "Kama jana."

Akaenda kuvaa buti.

Mzunguko wa kwanza yeye ndo aliongoza. Nilimwona anatoka kwenye kona, gia ya tatu, nikahesabu naye, moja, mbili, na pale pale nikaelewa. Sijui kwa nini sikuelewa jana. Kasi aliyoipima ni ya tuta refu. Mdomo mrefu unampeleka juu, na juu ndo kunampa mwendo wa kuvuka pengo. Mimi nimemkatia hiyo juu. Sikumpunguzia hatari, nimemfupishia njia bila kumwambia.

Aliruka vizuri. Hilo lazima niliandike, hakukosea kitu. Alikuwa amekaa sawa, mikono sawa. Gurudumu la mbele likagonga uso wa tuta la pili, halikufika mgongoni. Pikipiki ikapinduka, naye akarushwa mbele yake. Waliokuwa nyuma wakafunga breki kabla ya tuta, mbio ikasimamishwa.

Watu walisimama. Ukingo mzima, kwa mara moja. Mimi nilishuka mbio, nikafika wa kwanza, yuko macho, anatazama mbinguni. Akasema, "Nimehesabu vibaya?"

Nikamshika mkono ule mzima.

Mkono wa kulia umevunjika sehemu mbili, na mbavu mbili zimepasuka. Kichwa kizima. Daktari anasema atashona tena na atakimbiza tena, ila si mwaka huu.

Mwenyekiti yuko hapa. Hakuingia wodini. Kakaa mwisho wa benchi, kabeba buti za Dada mapajani, zina udongo, anautoa kwa kidole kidogo kidogo. Nilikuwa namchukia. Sasa namwangalia sijui nimchukie kwa lipi, wakati udongo ule nimeukata mimi.

Jumatatu, 4 Agosti

Kabla Mzee hajafika nimerudisha shibiri yangu. Tuta liko kama zamani. Nilikuwa na haraka kama mwizi anayerudisha.

Jumapili, 10 Agosti

Dada karudi nyumbani. Mkono kwenye plasta ngumu, mapacha wanaichora. Hawachezi tena ule mchezo.

Jumanne, 12 Agosti

Dada anauliza kila siku, "Nilikosea wapi?" Anahesabu kwa kidole. Moja, mbili. Mimi natoka nje.

Jumamosi, 16 Agosti

Nimemwagilia.

Jumapili, 24 Agosti

Mbio ya tano. Sijawahi kuona watu wengi namna hii. Wamepanga foleni mpaka barabarani. Nilimsikia kijana mmoja anamwelekeza mwenzake, "Lile pale, lile ndo lililomshinda Mama Pacha."

Mtangazaji kalipa jina: Kigeugeu. "Tuta Kigeugeu! Jana linakubeba, leo linakumeza!" Watoto wanalitamka kama jina la mtu.

Jana kwenye mazoezi hakuna aliyeruka. Wote walipita juu yake polepole, kila mtu anatunza ujasiri wake wa leo. Leo asubuhi waliuliza "Kama jana?" nikaitikia kwa kichwa, na ilikuwa kweli, lakini ukweli wa jana hawakuupima. Walichokuwa nacho kichwani ni Dada alivyokosa kufika. Kwa hiyo wakaongeza mafuta. Wawili walipita tuta la pili lote wakatua kwenye tambarare, mmoja gurudumu limepinda, mwenzake kaumwa mgongo lakini anatembea.

Kwenye kivuli cha trekta wakaanza kubishana.

"Linarusha hilo!"

"Linameza, bwana. Mama Pacha alikuwa na kasi ya kutosha, mimi nilikuwa nyuma yake."

"Sasa mbona mimi limenitupa?"

"Lina mawili. Ndo maana linaitwa hivyo."

Mbio ya mwisho nusu yao wataongeza kasi na nusu watapunguza, na wanaruka pamoja, mmoja juu ya mwenzake.

Mzunguko wa sita, walipoona hakuna anayeanguka, watu wakaanza kuondoka. Wengi sana. Waliobaki nawajua: mpiga pasi na mtaa wake, ndugu za wakimbiaji, watoto wa shule wanaomshangilia mwalimu wao, ambaye ni mkimbiaji wa tisa kila siku. Hao hawaondoki hata mvua ije.

Mtu wa televisheni alinikuta juu ya tuta. Akauliza, "Wewe unayekaa hapa siku zote, unaonaje? Mchezo huu utapendwa?"

Sijui nilipata wapi sauti. Nikasema, "Anayekuja kuona mtu akianguka anaondoka akishaona. Anayemjua mtu anabaki."

Akaniangalia kidogo. Akasema, "Vizuri hiyo. Lakini nimeshapata sura yangu." Akapiga tuta kwa kiatu. "Hii hapa. Kigeugeu. Kamera inakuja."

Jumamosi, 30 Agosti

Nimemwambia Mwenyekiti. Nilimkuta anafunga kamba za uzio, nikasema yote kwa mara moja bila kumwangalia.

Kwanza aliinua fimbo. Nilidhani atanipiga, na ningekubali. Halafu akaishusha akakaa kwenye tairi.

"Umemwambia nani mwingine?"

"Hakuna."

"Basi iishie hapa."

"Mwenyekiti, wanapima vibaya. Wataumizana."

"Sikiliza, kijana. Miaka ishirini natafuta watu wa kuja kutazama. Ishirini! Nimebandika matangazo kwa mkono wangu huu. Sasa wanakuja, televisheni inakuja, kwa sababu ya tuta hilo. Ukiwaambia hakuna Kigeugeu, kuna kijana na koleo, gari la kamera linageuzia pale getini. Na dada yako anarudi kwenye cherehani moja kwa moja. Hilo unalitaka?"

Niliokota koleo langu nikaondoka. Kwa sababu hilo sitaki.

Jumanne, 2 Septemba

Sijamwagilia.

Jumamosi, 6 Septemba

Nimemwambia Dada. Alikuwa anajifunza kushona kwa mkono wa kushoto, mstari unaenda kama nyoka. Nilianza na mapacha, na mito, na "mimi ni mama". Nilipofika kwenye "kama jana" akaacha kushona.

Hakupiga kelele. Alisema, "Toka."

Jumanne, 9 Septemba

Hasemi nami. Mama anauliza kuna nini, kila mtu anasema hakuna kitu.

Ijumaa, 12 Septemba

Leo kanifuata uani nikiwa naosha buti.

"Mwezi mzima nahesabu," akasema. "Naamka nahesabu. Nilidhani mwili wangu umenidanganya. Unajua ilivyo, kutouamini mwili wako?"

"Nisamehe, Dada."

"Sitakusamehe leo. Labda baadaye, sijui. Wale wengine umewaambia?"

Nikamwambia alichosema Mwenyekiti, kuhusu televisheni, kuhusu cherehani.

Niliona anaitazama hiyo televisheni, anaiona kabisa, msimu mzima, yeye anaamka anaenda kazini. Niliona inavyomwuma kuiacha. Halafu akasema, "Wakinijua, wanijue mimi. Si tuta. Keshokutwa utasimama mbele yao utasema."

"Dada, mimi mbele za watu siwezi. Sema wewe."

"Mimi sikukata udongo."

Jumapili, 14 Septemba

Mbio ya mwisho. Saa moja na nusu asubuhi, nimekaa nyuma ya trekta. Kigeugeu nimekipima kwa kamba mara tatu. Urefu ni ule ule wa mwezi wa saba, nimeuandika kwenye kipande cha boksi kwa herufi kubwa, ili yeyote asiyeniamini aje apime mwenyewe. Nadhani hakuna atakayeniamini.

Gari la televisheni limefika. Wamepandisha kamera kwenye ukingo, inaangalia tuta. Watu wameshaanza kukaa. Mpiga pasi kaja na fundi bomba mwenyewe, bega bado limefungwa, anasalimia watu kama bwana harusi.

Mwenyekiti kaniona na kamba na boksi. Anajua. Kasimama katikati ya gari la kamera na mimi, kama anachagua njia, halafu akaenda akamwambia mtangazaji azime spika. Sijui kazima ili nisisikike au ili nisikike.

Jana kwenye mazoezi hawakuliruka tena, leo wanaingia moja kwa moja. Wamekusanyika pale mwanzo, kumi na mmoja, na Dada katikati yao na plasta yake, kawainulia mkono wa kushoto wasubiri. Amenipigia mluzi mara mbili. Mmoja kachoka, anavaa kofia, anakanyaga kuwasha. Mwingine naye kawasha. Nikichelewa hawatanisikia kwa ngurumo, na wakitoka, wanatoka na kasi wasiyoijua. Naacha kuandika. Lazima niende sasa, kabla wa kwanza hajatia gia.